Kushona ligamenti au kupandikiza kano: upasuaji upi utakubeba kwenye mawe ya Goma?

Karibu kila mtu anayeniletea kifundo cha mguu kinachongoja upasuaji huniuliza jambo lilelile: plasta itatoka lini? Naelewa kwa nini. Mwenye kibanda soko la Virunga hapa Goma, au anayeishi kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, anahesabu siku ambazo hataingiza kitu. Lakini plasta hutoka baada ya wiki chache kwa njia zote, uwe umeshonwa ligamenti (kamba inayofunga mfupa na mfupa) au umepandikizwa kano (kamba inayofunga msuli na mfupa), na tofauti iliyopo kati ya njia hizo huonekana baadaye sana: mwaka wa pili, wa tatu, wa kumi, pale mtu anapotembea juu ya mawe ya volkeno amebeba mzigo, usiku, umeme umekatika. Mimi ni kinezi, mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Kazi yangu huanza daktari wa upasuaji anapomaliza yake, na ninawaona watu hawa katika miezi ambayo daktari hawaoni tena. Kwa hiyo nitalinganisha kwa kutazama mbali.

Haya ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufanya mazoezi kwa dhati miezi mitatu hadi sita na kifundo bado kinamtoka, kinageuka kwa ndani bila sababu. Ambaye hajayafanya, aanze nayo kwanza. Wengi huponea hapo bila kuguswa na kisu. Na ambaye tatizo lake ni maumivu tu, kifundo chake hakigeuki, amwombe daktari atazame gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, maana kukaza ligamenti hakutaondoa maumivu yanayotoka kwenye gegedu.

Kilichokatika, na kiungo kingine kilicho chini yake

Upande wa nje wa kifundo una ligamenti tatu. Ya mbele inaunganisha mfupa mwembamba wa nje wa mguu na mfupa wa talasi, ule unaokaa katikati ya kifundo. Ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo hukatika kwanza wayo unapojikunja kwa ndani huku vidole vikitazama chini, yaani hasa mkao wa mtu anayeteremka na kukanyaga ukingo wa jiwe. Ya pili inashuka mpaka kwenye kisigino. Ya tatu iko nyuma na haikatiki kirahisi.

Watu wengi wanajua kifundo kimoja tu. Chini yake kuna kiungo kingine, kati ya talasi na kisigino. Kile cha juu huinua na kushusha wayo. Hiki cha chini huulaza ndani na nje, na bila hicho wayo hauwezi kukaa vizuri juu ya ardhi isiyo sawa. Mtu wa mji wa lami anaweza kupoteza nusu ya mwendo wake asitambue. Sisi tunaishi juu ya lava. Mtiririko wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakajenga upya juu yake. Parseli (viwanja vya nyumba) nyingi na njia nyingi za mitaani bado ni mawe meusi yenye makali. Hapa kiungo cha chini kinafanya kazi kutwa nzima, na ndiyo maana katika ulinganisho huu nina upande.

Njia tatu zikiwekwa pamoja

Kushona ligamenti yako mwenyewe ni njia aliyoieleza daktari wa Uswidi, Lennart Broström, mwaka 1966. Ligamenti iliyolegea hufupishwa na kushonwa tena mahali pake kwenye mfupa. Mwaka 1980 Gould aliongeza jambo moja: kuvuta utando mpana ulio mbele ya kifundo, unaoshikilia kano za juu ya wayo, na kuushona juu ya ile ligamenti ili kuiimarisha. Mpaka leo hiyo ndiyo njia ambayo madaktari wengi duniani huanza nayo. Haichukui kitu chochote mahali pengine mwilini, na kiungo cha chini hakifungwi. Inaweza kufanywa kwa skrubu ndogo maalumu zenye uzi, na inaweza pia kufanywa kwa kutoboa matundu madogo mfupani na kupitisha uzi humo. Hilo la pili lina maana kubwa mahali ambapo kila kifaa kinaagizwa kutoka mbali na bei yake ni ya dola. Kuhusu umri wa kazi yenyewe, kuna taarifa ya mwaka 2006 ya vijana wa chuo cha jeshi la majini la Marekani waliofuatiliwa takriban miaka 26 baada ya kushonwa. Walio wengi walisema kifundo chao kinafanya kazi vizuri au vizuri sana. Miaka 26 ni maisha ya mtu.

Kupandikiza kano ni kuleta kamba mpya. Daktari huchukua kano nyembamba, mara nyingi kutoka upande wa ndani wa goti, akaipitisha kwenye matundu ya mifupa ili ifuate njia ileile ya ligamenti za zamani. Uzuri wake ni kwamba haitegemei ligamenti yako, ambayo pengine imebaki uzi tu baada ya miaka kumi ya kuteguka. Gharama yake: jeraha la pili karibu na goti, nguvu ya kukunja goti inayopungua kwa muda, upasuaji mrefu zaidi, na mara nyingi vifaa zaidi. Daktari akiifanya vizuri, kano ikakaa palepale ligamenti zilipokuwa, kiungo cha chini kinabaki na mwendo wake. Akiikaza kupita kiasi, au ikawekwa pasipo pake, mwendo huo unapungua.

Njia ya tatu ni ya zamani, nami naitaja kwa sababu bado kuna mahali inafanywa. Evans mwaka 1953, kisha Chrisman na Snook mwaka 1969, walieleza namna ya kutumia kano ya msuli mfupi wa nje wa mguu, yote au nusu yake, kukifunga kifundo. Kinafungika kweli. Lakini msuli huo ni mmoja kati ya miwili inayovuta wayo kwa nje pale unapoanza kugeuka. Kuuchukua ili kuzuia kuteguka ni kama kubomoa ukuta wa jikoni ili kuziba ukuta wa sebule. Zaidi ya hayo, kano hiyo haipiti njia ya ligamenti za asili, hivyo kiungo cha chini hukakamaa, na baada ya miaka mingi wengine hupata yabisi ya kifundo. Kwa mtu wa Goma siipendekezi, ila pale ambapo daktari ameeleza waziwazi kwa nini nyingine zote haziwezekani. Uliza swali hilo kabla ya kulala mezani: “Daktari, kano utaitoa wapi, na kiungo cha chini kitabaki na mwendo wake?”

Kuna pia utepe wa nyuzi ngumu ambao madaktari wengine huongeza juu ya ligamenti iliyoshonwa. Humwezesha mtu kukanyaga mapema. Ni ghali, hukaa mwilini, na kwa mwenye ligamenti nzuri sioni sababu ya kuuza mbuzi ili kuupata.

Nani achague ipi

Kama ligamenti zako zina unene bado, uzito wako ni wa kawaida, na hujawahi kupasuliwa kifundo hicho, kushona kunatosha, na ndiyo njia ambayo ningemshauri hata ndugu yangu wa damu. Sababu yangu ni kiungo cha chini.

Kupandikiza kunapata nguvu katika hali chache. Mtu mwenye viungo vyepesi kupita kiasi, ambaye dole gumba lake linagusa mkono kwa ndani na magoti yake hupinda nyuma, ana ligamenti zinazovutika kwa asili. Ukizishona zitalegea tena. Mtu mzito sana, au anayebeba magunia kwa kazi, huvuta mshono kwa nguvu kubwa. Aliyekwisha kushonwa mara moja na kifundo kikalegea tena hana sababu ya kushonwa vilevile mara ya pili. Na yule ambaye daktari, akishafungua, anakuta hakuna cha kushona. Kwa hiyo ni vizuri daktari awe tayari kwa njia zote mbili, na akuombe ruhusa ya zote mbili kabla ya siku yenyewe.

Jambo moja huharibu njia zote sawasawa: kisigino kilichoelemea kwa ndani. Chukua viatu vyako vya zamani, vigeuze. Kama soli imelika upande wa nje peke yake, mwombe daktari akutazame ukiwa umesimama, yeye akiwa nyuma yako. Ligamenti mpya juu ya kisigino kilichoelemea huvutwa kila hatua, na siku moja itashindwa. Hapo lazima mfupa wa kisigino ukatwe na kusogezwa kwa nje katika upasuaji uleule. Nimewaona watu waliopasuliwa kwa ustadi na bado wakarudi na kifundo kilekile, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye soli ya kiatu.

Mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, aliwahi kunipinga. “Mwanangu, mambo ya mwendo wa kiungo ni ya wacheza mpira. Mimi nakaa sokoni tu.” Nikamuuliza: “Mama, na kutoka nyumbani hadi sokoni unakanyaga nini?” Akanyamaza kidogo, akasema: “Mawe.” Mcheza mpira wa Stade de l’Unité ana uwanja uliosawazishwa. Mama yule, mwenye beseni kichwani, ndiye anayekihitaji kiungo cha chini zaidi.

Plasta wiki sita, au buti la kuvua

Ulinganisho wa pili huja baada ya mshono, na kwa wengi ndio unaogusa mfuko.

Plasta haikudai nidhamu. Haivuliwi, kwa hiyo huwezi kujidanganya. Inakulinda ukipanda moto, ukigongwa na mtoto, ukilala vibaya. Lakini baada ya wiki sita msuli wa shavu la mguu umekwisha, kifundo kimekakamaa, na mwezi mzima unaofuata ni wa kurudisha kilichopotea. Kukaa bila kusogeza mguu pia huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari kabla ya upasuaji.

Buti la kuvua, yaani buti gumu la kukinga kifundo, baada ya jeraha kupona kwenye wiki ya pili au ya tatu, hukuwezesha kuanza kuinua na kushusha wayo mapema. Madaktari wa Gothenburg, Uswidi, walilinganisha mambo haya miaka ya 1990, wakaona kwamba walioanza kusogeza kifundo mapema walirudi kazini na michezoni haraka zaidi, na kifundo hakikulegea kwa sababu hiyo. Sharti ni moja: mpaka wiki ya sita, wayo haugeuzwi kwa ndani na vidole havisukumwi chini kwa nguvu. Anayevua buti ili “ajaribu kidogo tu” kwenda chooni usiku, kwenye mawe ya uani, anaweza kuharibu kila kitu kwa hatua moja.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema buti, kwa mtu mwenye kinezi karibu na mwenye sakafu sawa nyumbani. Kwa anayeishi mbali, barabara ya mawe, bila mtu wa kumfuatilia, wiki chache za plasta ni usalama wa kweli. Kuna njia ya katikati ambayo naipenda: plasta wiki tatu, kisha buti. Bei inapungua na kifundo hakikakamai sana.

Miezi inavyokwenda

Wiki mbili za kwanza hazitofautiani. Mguu ukae juu kuliko moyo, magongo mawili, wayo usiguse chini. Kati ya wiki ya pili na ya sita, aliyeshonwa kwa kawaida huanza kukanyaga taratibu ndani ya buti. Aliyepandikizwa mara nyingi huchelewa zaidi, kulingana na daktari alivyoona mfupa. Kufikia mwezi wa tatu aliyeshonwa anaweza kukimbia polepole, mbele tu, bila kukata kona. Mpira na kazi za kuruka, miezi minne hadi sita. Aliyepandikizwa ajiandae kwa miezi sita hadi tisa.

Kano iliyopandikizwa ina hila yake. Inapotolewa mahali pake inatenganishwa na damu iliyokuwa ikiilisha. Kabla mishipa mipya haijaingia, inadhoofika kwanza ndipo ijengwe upya, kama tunavyojua vizuri kwa kano zinazopandikizwa gotini. Kwa hiyo kuna kipindi, mwezi wa pili na wa tatu hivi, ambapo uvimbe umepungua, maumivu yamekwisha, mtu anajisikia amepona, na kamba yake iko hafifu kuliko siku aliyotoka hospitali. Kujengwa upya huchukua karibu mwaka. Aliyeshonwa yeye husumbuliwa na kinyume chake: anahisi ugumu, anaogopa, anatembea kwa kuchechemea muda mrefu kuliko inavyostahili.

Uvimbe wa jioni hadi mwaka mzima ni wa kawaida katika njia zote. Ganzi juu ya wayo au kando yake inaweza kubaki, kwa kuwa neva ndogo hupita karibu na mkato. Homa, usaha na jeraha kufunguka si kawaida hata siku moja.

Kwa motari, dereva wa pikipiki, nina neno la pekee. Mguu wa kushoto hubadilisha gia, wa kulia hukanyaga breki, na wowote kati ya hiyo ndio unaoshuka chini ghafla moto ikiyumba, na unashuka juu ya jiwe. Ndugu yangu, usirudi kwa sababu siku zimetimia. Rudi ukiweza kusimama kwa mguu ule peke yake, kuinuka kwa vidole mara kwa mara bila kushika ukuta, na kurukaruka kwa mguu mmoja karibu sawa na ule mzima. Sisi makinezi hutafuta walau asilimia 90 ya upande wa pili.

Ambacho hakuna mshono unaorudisha

Ndani ya ligamenti mna neva zinazoiambia akili mguu umekaaje. Zikikatwa mara nyingi, taarifa huchelewa, na misuli ya nje hushtuka wakati wayo umekwisha kugeuka. Daktari hurudisha kamba. Taarifa hurudi kwa mazoezi tu, iwe umeshonwa au umepandikizwa. Ndiyo maana watu wawili waliopasuliwa kwa mikono ileile wanaweza kuwa tofauti kabisa mwaka wa tatu.

Vifaa si tatizo. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ukikatwa utepe, unatosha kufanya wayo uvute kwa nje dhidi ya uzito, kila siku. Simama mguu mmoja kwenye sakafu ukipiga mswaki. Ukishaweza, fumba macho. Ukishaweza hilo, simama juu ya godoro lililokunjwa. Kisha mchanga. Mwisho kabisa, ukiwa na mtu pembeni, mawe yenyewe, mchana, na kiatu kilichofungwa kamba. Kandambili kwenye lava zisubiri sana. Ninaomba watu waendelee na mguu mmoja na ule utepe angalau mwaka mzima, kisha mara chache kwa wiki bila kukoma. Wanaoacha mwezi wa nne kwa sababu hawaumwi ndio wanaoteguka upya.

Hapa au ng’ambo

Wengine huvuka mpaka kwenda Kigali, wengine hufika Kampala. Huko vifaa vya kamera ya kutazama ndani ya kiungo na skrubu hupatikana kwa urahisi zaidi, na kwa kupandikiza au kukata kisigino safari inaweza kuwa na maana. Kwa kushona kwa kawaida sioni ulazima. Goma inajua upasuaji wa mifupa. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na daktari wa mifupa, Jo Lusi, na kituo cha Shirika la Umoja kina uzoefu wa miaka mingi wa kurudisha watu kwenye kutembea. Ninachouliza mgonjwa ni kimoja: mwezi wa nne, nani atakitazama kifundo hiki? Kama pesa zote zitaishia kwenye nauli na chumba cha ng’ambo, na hakuna dola ya kinezi iliyobaki, umenunua nusu ya matibabu.

Popote utakapopasuliwa, usitoke bila ripoti ya upasuaji kwa maandishi: ligamenti ipi ilishonwa, kano ilitoka wapi, skrubu au uzi gani umebaki ndani, na mwendo gani umekatazwa hadi wiki ya ngapi. Ipige picha kwa simu, mtumie pia mtu wa nyumbani. Nikiwa nayo mkononi naweza kuanza kazi siku hiyohiyo. Nisipokuwa nayo, itabidi nikuchukulie kama mwenye mshono dhaifu kuliko wote, na utapoteza wiki ambazo hukupaswa kuzipoteza.